Jukwaa Jinja, Studio Mburahati: Onesho la Lebo Huru na Haki ya Mtayarishaji wa Singeli

MUZIKI wa singeli, uliozaliwa katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati jijini Dar es Salaam, umevuka mipaka ya nchi kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Haukubebwa na kampuni kubwa ya kurekodi wala na wimbo mmoja uliovuma redioni. Ulibebwa na lebo ndogo huru ya muziki wa kielektroniki yenye makao yake Kampala, nchini Uganda, iitwayo Nyege Nyege Tapes, ambayo wasanii wake hupanda jukwaani katika tamasha la jina hilohilo linalofanyika eneo la Jinja, karibu na chanzo cha Mto Naili.

Jina hilo linahitaji maelezo kabla ya kuendelea, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili analisikia kwa sikio tofauti na msomaji wa Kiganda. Waanzilishi wa tamasha wameeleza mara kwa mara kuwa neno hilo wamelitoa katika Kiganda, ambako linahusu hamu ya ghafla ya kucheza ngoma ambayo mtu hawezi kuizuia. Kwa Mswahili ni neno lisilotamkwa mbele ya wakwe. Tofauti hiyo ndogo ya lugha imeligharimu tamasha kiasi kikubwa cha utulivu: mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia kabla ya uamuzi huo kubadilishwa, na Septemba 2022 suala hilo lilifika Bungeni, ambako zuio lilitakiwa tena, hadi Waziri Mkuu Robinah Nabbanja aliporuhusu lifanyike kwa masharti.

Mijadala hiyo ya maadili ina nafasi yake, na kila nchi ina taratibu zake za kuiamua. Hata hivyo, kelele zake zimefunika swali jingine linalowahusu moja kwa moja vijana wa Tanzania: kazi iliyotengenezwa katika chumba kimoja cha uswahilini inapopigwa mbele ya hadhira ya kimataifa, nani anabaki na haki ya kazi hiyo baada ya taa za jukwaa kuzimwa?

Ili kulijibu swali hilo, ni vyema kwanza kueleza onesho la lebo ni kitu gani. Katika matamasha makubwa ya muziki, lebo hupewa jukwaa kwa saa kadhaa au kwa usiku mzima, ikawapanga wasanii wake mmoja baada ya mwingine. Kwa mtazamaji aliyelipa kiingilio hilo ni tumbuizo kama matumbuizo mengine. Kwa lebo ni dirisha la duka. Miongoni mwa watu waliosimama pembeni ya jukwaa huwamo wapangaji wa ratiba za matamasha ya nchi nyingine, mawakala wa kuwatafutia wasanii maonesho, waandishi wa habari za muziki na wenye lebo nyingine. Malipo ya usiku huo kwa msanii mara nyingi si makubwa. Thamani yake huonekana miezi sita au mwaka mmoja baadaye, pale mialiko inapoanza kuingia, rekodi zinapouzwa na muziki unapotumika katika filamu au maonesho ya mitindo. Kwa maneno mengine, onesho la lebo ni soko ambalo bidhaa huoneshwa leo na fedha hulipwa kesho, na aliyeshika karatasi za umiliki ndiye anayekuwapo wakati wa kulipwa.

Singeli iliingia katika soko hilo mwaka 2017, lebo hiyo ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa nyimbo uitwao Sounds of Sisso, uliokusanya kazi za watayarishaji na wachanaji waliokuwa wakizunguka Studio ya Sisso ya Mburahati. Mwaka uliofuata ilitoka albamu ya Bamba Pana, Poaa. Mwaka 2019 zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Mateso ya Sisso mwenyewe. Mwaka 2022 ulitoka mkusanyiko wa Sounds of Pamoja kutoka studio ya Duke, pamoja na Mr Mixondo ya DJ Travella. Bamba Pana na mchanaji Makaveli ni miongoni mwa waliokwenda kutumbuiza barani Ulaya, mbele ya watu ambao hawakuelewa hata neno moja la michano lakini walicheza.

Msomaji anayefuatilia singeli nyumbani atagundua jambo moja katika orodha hiyo: majina mengi ni mageni kwake. Nyumbani singeli inafahamika kwa majina ya waimbaji na wachanaji. Msaga Sumu, Man Fongo aliyevuma mwaka 2016 kwa Hainaga Ushemeji, Sholo Mwamba na Dulla Makabila wanajulikana hata kwa mtu asiyesikiliza muziki huo. Anayetengeneza biti hutajwa kwa sekunde mbili mwanzoni mwa wimbo, kisha husahaulika. Nje ya nchi mambo yamegeuka. Jina lililo kwenye jalada la santuri ni la mtayarishaji, kwa kuwa hadhira ya muziki wa kielektroniki imezoea kumfuata mtu anayekaa nyuma ya kompyuta.

Mgeuko huo una athari za kisheria ambazo bado hazijazungumzwa vya kutosha. Katika mazoea ya mitaani, makubaliano kati ya mchanaji na mtayarishaji huishia mlangoni mwa studio. Mchanaji analipa fedha ya kurekodi, au halipi kabisa kwa kuwa ni rafiki, anachukua wimbo wake na kuondoka. Kila mmoja anaamini kuwa wimbo ni wa aliyeuimba. Mtayarishaji naye hana habari na umiliki, kwa sababu kesho yake atatengeneza biti nyingine tatu. Mazoea hayo hayakuwa na madhara makubwa wakati wimbo uliishia kwenye vigodoro na kwenye simu za vijana. Yamekuwa na madhara tangu biti yenyewe ilipokuwa bidhaa inayouzwa Berlin na London.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 haimwachi mtayarishaji nje. Aliyetunga sauti za muziki ni mtunzi, hata kama ametunga kwa kubonyeza vitufe vya kompyuta mpakato badala ya kupuliza tarumbeta. Aliyechana ni mtunzi wa maneno na pia ni mtumbuizaji. Aliyechukua hatua ya kuirekodi kazi kwa mara ya kwanza ana haki yake katika rekodi yenyewe, ile ambayo wanamuziki huiita masta. Hizo ni haki tatu katika wimbo mmoja wa dakika tatu, na zinaweza kuwa za watu watatu tofauti.

Ugumu uko katika ile ya tatu. Katika studio nyingi za mitaani, kompyuta ni ya mwenye studio, lakini vijana wanne au watano huitumia kwa zamu usiku na mchana. Kijana anatengeneza biti usiku wa manane kwa kompyuta isiyo yake, katika chumba ambacho kodi yake hailipi, kwa programu ambayo haikununuliwa. Asubuhi anakuja mchanaji. Baadaye anakuja mwenye lebo kutoka nchi nyingine, anasikia, anapenda, anaomba nakala. Nani hapo alichukua hatua ya kurekodi? Mahakama ingeweza kulichambua jambo hilo kwa siku nyingi. Karatasi moja iliyoandikwa majina, asilimia na sahihi ingelimaliza kwa dakika kumi.

Hesabu ndogo inaonesha kwa nini karatasi hiyo ina uzito. Lebo huru nyingi za aina hii huuza muziki wake kupitia jukwaa la mtandaoni la Bandcamp, ambalo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Tuseme albamu inauzwa kwa Dola 10 za Marekani. Baada ya makato hayo hubaki Dola 8.50, na gharama za kuchakata malipo hupunguza kidogo tena. Utaratibu uliozoeleka kwa lebo huru ni kurudisha kwanza gharama za kutoa albamu, kisha kugawana faida nusu kwa nusu na msanii. Msanii basi anaweza kupata takribani Dola 4 kwa kila nakala, ambacho ni kiwango kizuri kikilinganishwa na sehemu ya senti anayolipwa msanii wimbo wake unaposikilizwa mara moja katika majukwaa makubwa ya kusikiliza muziki. Lakini Dola 4 hizo ni za nani? Kama albamu ni mkusanyiko wa watayarishaji sita na wachanaji tisa, mgawanyo wake ulitakiwa kukubaliwa kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa. Ukisubiriwa hadi fedha zije, fedha zitakuja pamoja na ugomvi.

Santuri nazo zina hesabu yake. Lebo ndogo hutengeneza mia chache tu kwa toleo moja, na gharama ya kuzichapa hulipwa kabla ya kuuza hata moja. Ndiyo maana albamu iliyosifiwa katika magazeti ya Ulaya inaweza isilete fedha yoyote kwa mtayarishaji katika mwaka wa kwanza, bila mtu yeyote kumdhulumu. Kijana ambaye hakuelezwa jambo hilo mapema huona jina lake limeandikwa kila mahali na mfuko wake ni mtupu, akahitimisha kuwa ameibiwa. Wakati mwingine anakuwa amekosea, na wakati mwingine anakuwa sahihi. Asiye na mkataba hawezi kuthibitisha lolote kati ya hayo mawili.

Kuna fedha nyingine ambazo hupotea kimyakimya zaidi. Tamasha linalofanyika Ujerumani au Uingereza hulipia leseni ya muziki unaopigwa katika majukwaa yake, na fedha hizo hukusanywa na taasisi kama GEMA ya Ujerumani na PRS for Music ya Uingereza kwa ajili ya watunzi. Ili zimfikie mtunzi aliyeko Dar es Salaam, mambo matatu yanatakiwa: orodha ya nyimbo zilizopigwa iwasilishwe, nyimbo hizo ziwe zimesajiliwa kwa jina la mtunzi, na pawepo makubaliano kati ya taasisi ya kule na ya huku. Singeli hukwama katika jambo la kwanza kabla ya kufika la pili. Onesho la singeli huenda kwa kasi ya zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, mara nyingine karibu 300, na mtayarishaji hukata, huchanganya na hubadilisha biti papohapo kutoka kwenye kompyuta. Baada ya saa moja ya namna hiyo, hata yeye mwenyewe hawezi kuandika kwa uhakika ni nyimbo ngapi amepiga.

Suala linalohitaji tahadhari zaidi ni la sampuli. Singeli haikuanza hewani. Ilitokana na mchiriku na ngoma za mitaani, na watayarishaji wake wa mwanzo walichukua vipande vifupi vya kinanda kutoka nyimbo za taarab, wakavizungusha na kuviharakisha hadi sauti ikawa nyembamba kama ya ndege. Huo ulikuwa ubunifu wa kweli, na ndio unaowashangaza wasikilizaji wa nje hadi leo. Lakini kipande cha taarab kina mwenyewe. Kuna mpiga kinanda aliyekipiga, kundi lililokirekodi na mtunzi aliyekitunga, wengine wakiwa hai na wengine wameacha warithi. Kutumia sehemu ya kazi ya mtu kutengeneza kazi nyingine kunahitaji idhini yake.

Wakati singeli ilipokuwa muziki wa kigodoro, hakuna aliyeuliza. Onesho la lebo katika tamasha la kimataifa hurekodiwa kwa picha na sauti, huwekwa mtandaoni na kutazamwa na watu wa nchi nyingi, na mifumo ya kompyuta inayotambua nyimbo haina urafiki na mtu. Mtayarishaji anayedai haki yake kwa lebo ya nje atajikuta akiulizwa kama yeye alitimiza haki ya mpiga kinanda wa Dar es Salaam au Zanzibar. Ni swali la haki kabisa. Inatia moyo kuwa sehemu ya watayarishaji wa kizazi cha sasa hupiga sauti zao wenyewe kwenye kinanda cha kompyuta badala ya kukata za wengine. Hata hivyo, kazi za miaka ya mwanzo, ambazo ndizo zilizoutambulisha muziki huu duniani, bado ziko sokoni.

Safari yenyewe ya kwenda kwenye onesho ina mafunzo yake. Jinja inafikika. Mtanzania haingii Uganda kwa viza, na kwa basi linalopita Mutukula au kupitia Kenya, kundi la vijana wanne na kompyuta zao linaweza kufika kwa gharama ambayo promota mdogo anaimudu. Hii ni faida ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo haitajwi mara kwa mara katika hotuba za biashara, ingawa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 inahusu pia huduma na watoa huduma, na mwanamuziki ni mtoa huduma. Si ajabu kwamba mlango wa singeli kwenda Ulaya ulikuwa Jinja badala ya Paris.

Ukitoka hapo, njia inapanda mlima. Viza ya nchi za Schengen inagharimu Euro 90 tangu Juni 2024, na fedha hiyo hairudishwi ombi likikataliwa. Mwombaji hutakiwa kuonesha ajira, akaunti ya benki na sababu za kurudi nyumbani, mambo ambayo mtayarishaji wa studio ya mtaani hana kwa karatasi hata kama anayo kwa maisha. Kwa upande wa nyumbani, msanii anayekwenda kutumbuiza nje ya nchi anatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Wapo wanaokiona kibali hicho kama kikwazo. Ukweli ni kwamba, kwa kijana asiye na hati ya ajira, usajili wa BASATA pamoja na kibali cha safari ni miongoni mwa nyaraka chache anazoweza kuambatisha kuthibitisha kuwa muziki ndiyo kazi yake. Kinachotakiwa ni kibali hicho kitolewe kwa kasi inayolingana na ratiba za matamasha, ambazo hazimsubiri mtu.

Katika upande wa mirabaha, hatua zimepigwa. Januari 2022 Serikali iligawa mirabaha ya zaidi ya Shilingi milioni 300 kwa wasanii wa muziki, iliyotokana na kazi zao kutumika katika vyombo vya utangazaji. Mwaka huohuo Sheria ilifanyiwa marekebisho yaliyoiacha Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) na jukumu la usimamizi, huku ukusanyaji na ugawaji wa mirabaha ukifunguliwa kwa kampuni za wenye haki zitakazopewa leseni. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii, na mkopo wa kununua kompyuta halali na programu halali ungetatua nusu ya utata wa umiliki ulioelezwa hapo juu.

Pamoja na hatua hizo, mfumo bado unamwona zaidi mtu anayeimba. Mirabaha ya redio hufuata nyimbo zinazopigwa redioni, na albamu za singeli zilizouzwa nje ni nadra kusikika huko, kwa kuwa nyingi ni biti ndefu zenye michano michache. Mtayarishaji ambaye jina lake linatangazwa katika matamasha ya nje anaweza asiwe na hata kazi moja iliyosajiliwa nyumbani. Kampuni mpya za mirabaha zina sababu ya kibiashara ya kumfuata: fedha zake ziko katika taasisi za nje, zikisubiri mwenyewe ajitokeze, na taasisi hizo haziziweki milele. Baada ya miaka michache fedha zisizo na mwenyewe hugawiwa wengine.

Upande wa lebo nao haupaswi kuangaliwa kwa jicho la shaka tupu. Nyege Nyege Tapes iliusikiliza muziki ambao sehemu kubwa ya tasnia ya ndani iliuona wa kihuni, ikatumia fedha yake kuuchapa na kuupeleka mbele za watu kabla ya mtu mwingine kuona thamani yake. Bila dirisha lile la Jinja, huenda hadi leo mjadala huu wa haki usingekuwapo, kwa kuwa pasingekuwa na kitu cha kugawana. Lebo iliyo makini, ya Kampala au ya kwingineko, hunufaika na msanii aliyesajiliwa, kwa sababu mkataba na mtu mwenye haki iliyo wazi haupingiki baadaye.

Kwa mtayarishaji anayejiandaa kupanda jukwaani katika onesho la aina hiyo, nyaraka za lazima si nyingi. Kwanza ni karatasi ya mgawanyo kwa kila wimbo, yenye jina la aliyetengeneza biti, aliyechana na mwenye studio, pamoja na asilimia zao. Pili ni cheti cha usajili wa kazi. Tatu ni mkataba wa lebo, unaosema wazi kama lebo inauziwa masta moja kwa moja au inapewa leseni ya kuitumia kwa miaka inayohesabika, katika nchi zipi, na hesabu za mauzo zitaletwa kila baada ya miezi mingapi. Tofauti kati ya kuuza na kutoa leseni ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu siku ya kutia sahihi fedha inayotolewa mara nyingi ni ileile.

Kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake, na rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50. Rekodi za Mburahati zilizotolewa mwaka 2017 zitakuwa chini ya ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2067. Baadhi ya vijana waliozitengeneza watakuwa wamepita umri wa miaka 70 wakati huo, na wajukuu wao watakuwa na umri waliokuwa nao wao walipoingia studio.